Kupima mwasho wa ngozi bila sungura: mwongozo wa siku nne mezani

Maswali yanayoletwa na wanaoanza huwa yaleyale: nianze na tishu gani, kwa nini usomaji wangu umetawanyika, mbona kemikali inayojulikana kuwa kali imetoka salama? Mengi yana jibu moja. Kosa lilifanyika kabla tishu haijafika, au wakati wa kusuuza. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye maandalizi na kwenye kusuuza, na sehemu nyingine unapita haraka.

Jaribio lenyewe ni lile la OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) namba 439, lililopitishwa mwaka 2010 kuchukua nafasi ya jaribio la zamani la sungura, liitwalo la Draize. Katika njia ya zamani, kemikali ya nusu gramu au nusu mililita hubandikwa kwenye ngozi ya sungura aliyenyolewa kwa saa 4, kisha mtu hukagua wekundu na uvimbe kwa macho. Katika njia hii unatumia ngozi ya juu ya binadamu iliyooteshwa maabara kutokana na seli zake halisi, ikiwa na tabaka gumu la nje. Unaiwekea kemikali, unaisuuza, unaisubiri, kisha unapima ni sehemu gani ya seli bado hai. Uhai ukiwa asilimia 50 au chini, kemikali inawasha. Ukiwa juu ya 50, haihitaji alama ya mwasho.

Kuna miundo kadhaa ya tishu iliyokubaliwa, na kila mmoja una vipimo vyake. Vilivyo hapa ni vya EpiDerm, tishu yenye eneo la sentimita mraba 0.63. Ukitumia EpiSkin au SkinEthic, fuata mwongozo wa tishu hiyo: EpiSkin, kwa mfano, huwekewa kemikali kwa dakika 15, wakati EpiDerm huwekewa kwa dakika 60. Usichanganye vipimo vya miundo miwili. Ukifanya hivyo umebuni jaribio lisilotambuliwa na mtu.

Jaribio hili halifanyi nini

Halitenganishi kemikali inayowasha na ile inayounguza ngozi kabisa. Zote mbili zitaua tishu. Ukipata uhai wa asilimia 50 au chini, na hujui kama kemikali inaunguza, unahitaji pia jaribio la OECD namba 431, la kupima kuunguza. Halitambui mwasho hafifu wa daraja la 3, ambalo baadhi ya nchi hulitumia. Halifai kwa gesi wala erosoli. Na halisemi lolote kuhusu mzio wa ngozi; hilo lina majaribio yake.

Unachohitaji kabla ya kuagiza tishu

- Inkubeta ya nyuzi joto 37, hewa ya ukaa asilimia 5, yenye unyevu wa kutosha
- Kabati la hewa safi
- Mashine ya kusoma sahani yenye kichujio cha nanomita 570
- Sahani za vishimo 6, 24 na 96
- Bafa ya fosfeti (DPBS), angalau lita 3 kwa pakiti moja ya tishu
- Chupa ya kusuuzia yenye mdomo mwembamba, na bika za mililita 150 au zaidi
- MTT (rangi ya kupima uhai wa seli), isopropanoli safi, na SDS (sabuni kali) ya asilimia 5 katika maji
- Nyavu za nailoni za duara, kipenyo cha milimita 8
- Vibano visivyo na meno, vijiti vya pamba vilivyotakaswa, karatasi ya kufyonza iliyotakaswa
- Pipeti ya kawaida, na ya pistoni kwa vimiminika vizito
- Saa mbili za kuhesabu dakika. Moja haitoshi.

Pakiti moja ina tishu 24. Kila kemikali inakula 3, kidhibiti hasi (bafa tupu, ya kulinganisha) 3, kidhibiti chanya (SDS, inayojulikana kuwasha) 3. Kwa hiyo pakiti inabeba kemikali 6, iwapo hakuna hata moja inayoingilia kipimo. Ikiwepo, hesabu inabadilika, na ndiyo sababu hatua ya 1 na ya 2 zinafanyika wiki moja kabla.

Neno kuhusu "bila wanyama": soma lebo za chupa. Midia nyingi za kuoteshea seli zina seramu ya ndama walio tumboni, na baadhi ya tishu hukalia kolajeni ya ng'ombe. Muulize mtengenezaji kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba hakuna kitu cha mnyama kilichotumika.

Wiki moja kabla

1. Pima kama kemikali inageuza MTT yenyewe. MTT ni rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza kuwa formazani ya zambarau. Baadhi ya kemikali huigeuza bila msaada wa seli yoyote, na tishu iliyokufa itaonekana hai. Weka mikrolita 30 za kimiminika au miligramu 25 za unga kwenye mililita 1 ya MTT (miligramu 1 kwa mililita). Acha dakika 60 kwenye inkubeta, gizani. Weka kishimo kingine chenye MTT na maji tu kwa kulinganisha. Ikigeuka bluu au zambarau, kemikali hiyo itahitaji tishu zilizouawa kwa kugandishwa: 3 za kuwekewa kemikali na 3 za kuwekewa bafa.

2. Pima rangi ya kemikali yenyewe. Mikrolita 30 au miligramu 25 kwenye mililita 0.3 ya maji, dakika 60 kwenye inkubeta, kisha angalia. Rudia kwa isopropanoli, kwa sababu rangi nyingine hujificha kwenye maji na kujitokeza kwenye kiyeyushi. Usiamini macho peke yake. Soma kwenye mashine karibu na nanomita 570. Ikifyonza mwanga hapo, ongeza tishu 3 hai ambazo zitapitia kila hatua isipokuwa MTT.

Kemikali inayofanya yote mawili inahitaji pia tishu 3 zilizouawa ambazo hazitiwi MTT, la sivyo utaondoa rangi ileile mara mbili kwenye hesabu.

3. Panga saa kwa kurudi nyuma. Hapa ndipo ratiba za wengi huvunjika. Kutoka mwisho wa kusuuza hadi MTT ni saa 42. Ukianza kuweka kemikali saa tatu asubuhi, utamaliza kusuuza saa nne, na saa 42 baadaye ni saa kumi alfajiri. Anza saa nane mchana badala yake: unasuuza saa tisa alasiri, unabadilisha midia kesho yake saa tisa alasiri, na MTT inaangukia saa tatu asubuhi ya siku inayofuata. Tishu ziagizwe zifike siku ya pili ya wiki ya kazi, si ya mwisho.

Kama maabara yako haijawahi kufanya jaribio hili, usianze na kemikali ya mteja. Orodha ya OECD ina kemikali 10 za kuthibitisha ujuzi, baadhi zinazowasha (kama heptanali na haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 5) na nyingine zisizowasha (kama isopropanoli na methili stearati). Pata majibu sahihi kwa hizo kwanza.

Siku ya kwanza: kupokea tishu

4. Soma cheti kabla ya kufungua. Tafuta kipimo cha kizuizi, yaani muda ambao Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya asilimia 1 inachukua kushusha uhai hadi nusu. Kwa EpiDerm uwe kati ya saa 4.0 na 8.7. Tishu yenye muda mfupi kuliko huo inavuja, na itaita kila kitu mwasho.

5. Kagua kila kikombe kidogo ambamo tishu imekaa. Tishu iliyoinuka pembeni, yenye lengelenge au iliyotoboka, itupe. Matone ya maji juu ya tishu yafyonze taratibu kwa kijiti cha pamba, bila kusugua. Ikifika asubuhi, iache kwenye kifungashio chake ndani ya jokofu la nyuzi 2 hadi 8 hadi jioni.

6. Izindue. Saa kumi na mbili jioni, weka mililita 0.9 ya midia yenye joto la 37 kwenye kila kishimo cha sahani ya vishimo 6, kisha weka kikombe kimoja kimoja. Inamisha kikombe kidogo unapokishusha. Povu la hewa likibaki chini, tishu inakula upande mmoja tu. Dakika 60 kwenye inkubeta. Hamishia kwenye midia mpya, kisha iache usiku kucha, saa 18, pungufu au zaidi ya saa 3.

Sehemu ya juu ya tishu lazima ibaki kavu wakati wote. Inalishwa kutoka chini na kupumua kutoka juu, kama ngozi yako.

Siku ya pili: kemikali na kusuuza

7. Weka kemikali, tishu moja kila dakika. Nafasi ya dakika moja ndiyo itakayokuokoa wakati wa kusuuza. Andika namba ya tishu kwenye ukingo wa sahani, si kwenye kifuniko; vifuniko hubadilishana.

   - Kimiminika: mikrolita 30, kisha laza wavu wa nailoni juu yake ili kisambae.
   - Unga: lowesha tishu kwa mikrolita 25 za DPBS, kisha miligramu 25 za unga uliosagwa. Pima unga wote mapema katika vichupa. Mizani haiwezi kukimbizana na saa.
   - Kitu chenye nta: kifinyange kiwe kisahani bapa cha milimita 8, kilaze juu.
   - Kidhibiti hasi: mikrolita 30 za DPBS na wavu.
   - Kidhibiti chanya: mikrolita 30 za SDS ya asilimia 5. SDS hupenda kukusanyika pembeni. Iangalie katikati ya muda na uisambaze tena kwa ncha ya pipeti bila kuchoma tishu.

8. Dakika 60 kamili. Baada ya kuweka tishu ya mwisho, sahani ziende kwenye inkubeta kwa dakika 35, kisha zirudi kwenye kabati kwa joto la chumba hadi kila tishu itimize dakika zake 60. Joto la inkubeta kwa saa nzima hufanya kemikali nyepesi ziruke na kuvuka hadi vishimo vya jirani. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke kemikali yenye harufu kali sahani moja na kidhibiti hasi.

9. Suuza. Polepole, na kwa hesabu. Shika kikombe kwa kibano, kiinamishe. Elekeza mkondo wa DPBS kwenye ukuta wa ndani wa kikombe, usiuelekeze katikati ya tishu. Jaza, mwaga, jaza, mwaga, mara 15. Wavu utaelea wenyewe kwenye mara za mwanzo. Usipotoka, utoe kwa kibano. Kisha zamisha kikombe chote ndani ya bika yenye mililita 150 za DPBS mara 3, ukikitikisa na kukimwaga kila mara. Maliza kwa kukisuuza mara moja ndani na nje.

   Mkondo hafifu huacha kemikali juu ya tishu, nayo inaendelea kuua kwa saa 42 zijazo: unapata mwasho wa uongo. Mkondo mkali hubandua tishu, na tishu iliyobanduka haina seli za kugeuza MTT: mwasho wa uongo tena. Njia zote mbili zinakupeleka kosa lilelile, ndiyo maana ni vigumu kujua ulikosea wapi ukitazama namba peke yake. Fanya mazoezi kwa vikombe vilivyobaki kutoka jaribio la zamani, ukitumia krimu nzito yenye rangi, hadi mara 15 ziondoe rangi yote.

   Badilisha bika kwa kila kemikali.

10. Kausha. Gusisha sakafu ya kikombe kwenye karatasi ya kufyonza, kisha fyonza uso wa tishu kwa kijiti cha pamba, kwa kugusa tu. Tazama kwenye hadubini ndogo au taa: ukiona mabaki, andika kwenye daftari. Hamishia kwenye sahani mpya yenye mililita 0.9 za midia yenye joto. Inkubeta, saa 24.

Siku ya tatu

11. Badilisha midia, rudisha kwa saa 18. Ni kazi ya nusu saa. Midia ya zamani unaweza kuigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri ukitaka kupima interleukini-1 alfa (protini ambayo seli zilizojeruhiwa huitoa) baadaye, ila uamuzi wa daraja hautegemei hilo.

Usifupishe saa hizi 42. Kemikali nyingi zinazowasha haziui papo hapo. Seli hujeruhiwa, kisha ama hupona au hufa. Ukipima mapema unapima jeraha tu.

Siku ya nne: MTT

12. Tia MTT. Mikrolita 300 za MTT (miligramu 1 kwa mililita) kwenye kila kishimo cha sahani ya vishimo 24. Iandaliwe siku hiyohiyo na ikingwe na mwanga. Kausha sakafu ya kikombe kabla ya kukiweka, na hakikisha hakuna povu. Saa 3 kwenye inkubeta, si 2 na nusu, si 4.

13. Toa rangi. Suuza kwa DPBS, kausha, weka kikombe kwenye kishimo kipya, mimina mililita 2 za isopropanoli hadi kizame. Funga sahani kwa utando na mfuko. Isopropanoli ikivukiza, rangi inakolea na uhai unapanda bila sababu. Tikisa kwa saa 2 kwa joto la chumba, au acha usiku kucha gizani bila kutikisa.

14. Soma. Toboa tishu kwa sindano ili rangi iliyonaswa itoke, changanya vizuri kwa pipeti, chukua mikrolita 200 mara mbili kutoka kila tishu kwenda sahani ya vishimo 96. Soma kwa nanomita 570 bila kichujio cha rejea. Vishimo vya isopropanoli tupu ndivyo sifuri yako.

Hesabu, na pale inapogeuza jibu

Kwanza hakiki jaribio lenyewe. Wastani wa usomaji wa kidhibiti hasi (kiasi cha mwanga kilichofyonzwa) uwe kati ya 0.8 na 2.8. Kidhibiti chanya kiwe na uhai wa asilimia 20 au chini. Mtawanyiko kati ya tishu 3 za kundi moja, kwa mkengeuko sanifu, usizidi asilimia 18. Kimoja cha vidhibiti kikishindwa, jaribio zima limeanguka, hata kama namba za kemikali zinapendeza.

Kisha gawanya wastani wa kemikali kwa wastani wa kidhibiti hasi. Tuseme kidhibiti hasi ni 1.800 na kemikali ni 1.044: uhai ni asilimia 58, hakuna mwasho. Lakini kemikali hii ilikuwa inageuza MTT yenyewe kwenye hatua ya 1. Tishu zilizouawa na kuwekewa kemikali zimesoma 0.342, zilizouawa na kuwekewa bafa 0.090. Tofauti, 0.252, ni asilimia 14 ya kidhibiti hasi. Toa 14 kwenye 58: uhai wa kweli ni 44. Kemikali inawasha. Aliyeruka hatua ya 1 ameipitisha.

Wastani ukiangukia kati ya 45 na 55, au tishu moja ikisema mwasho na mbili zikikataa, rudia kwa tishu mpya. Majibu mawili yakipingana, fanya mara ya tatu. Na kama sehemu unayoiondoa inazidi nusu ya kidhibiti hasi, acha kuiamini hesabu hiyo; ikiwa ni rangi ya kemikali yenyewe (hatua ya 2), tenganisha formazani kwa kromatografia ya kimiminika.

Mambo yakiharibika

*Kidhibiti hasi kiko chini ya 0.8.* Kwanza MTT: ni ya zamani au ilipata mwanga. Kisha povu chini ya kikombe. Kisha safari: tishu ilipata joto au iliganda njiani. Vikombe vyote vikiwa chini kwa kiasi sawa, shuku MTT au safari. Vichache vikiwa chini, shuku povu.

*Kidhibiti hasi kimepita 2.8.* Isopropanoli imevukiza, au uliweka pungufu ya mililita 2. Usizimue sampuli hizo ili namba ziingie kwenye mipaka.

*Kidhibiti chanya kina uhai wa asilimia 30 au 40.* SDS haikusambaa, au ilinyesha chembe kwa baridi nawe ukachota sehemu ya juu iliyo nyepesi. Ipashe moto hadi iwe angavu, kisha changanya.

*Tishu moja kati ya tatu imeachana na wenzake.* Rudi kwenye daftari la kusuuza. Mara nyingi ni kikombe cha kwanza, mkono haujazoea, au cha mwisho, mkono umechoka. Usiifute tishu kwenye hesabu kwa sababu tu haikufurahishi. Inafutwa pale tu ulipoandika hitilafu yenyewe ilipotokea, kabla ya kuona namba.

*Uhai ni asilimia 120 au zaidi.* Kemikali imebaki kwenye tishu na inageuza MTT, hata kama hatua ya 1 ilionekana safi kwa macho. Fanya tishu zilizouawa. Namba ya asilimia 105 au 110 peke yake si tatizo.

*Zambarau iko pembeni tu, katikati peupe.* Mkondo wa kusuuza ulipiga katikati. Hiyo ni hitilafu ya mkono. Iandike na urudie.

*Mabaki ya nta au rangi hayatoki baada ya mara 15.* Endelea hadi mara 20 au kidogo zaidi, na ufanye hivyohivyo kwa kidhibiti hasi cha jaribio hilo. Yakibaki bado, yaandike kwenye ripoti na uongeze tishu zilizouawa, kwa sababu mabaki hayo yatakutana na MTT siku ya nne.